Hodi Elfu Kumi na Moja

3 Juni
Chumba cha mitambo, ghorofa ya nne

Shangazi,

Shikamoo. Najua hupendi barua inayorukia mambo kabla ya salamu, kwa hiyo hesabu kwamba nimekuuliza hali ya nyumba, ya majirani na ya magoti, nawe umejibu kuwa mnasukuma siku. Nimeandika kwa kalamu nene na herufi kubwa kama za kibao cha duka, ili usome kwa jicho la kushoto bila kugombana na kile kioo chako cha kukuzia.

Nimepata kazi ya miezi mitatu, na hutaamini ni wapi. Ni kliniki ya macho, ileile iliyokutoa jasho mwezi Machi. Walitangaza kwamba nafasi mia tatu za upasuaji wa mtoto wa jicho zitaombwa kwa mtandao, wakafungua ukurasa saa mbili asubuhi, na watu wakaangalia kiduara kikizunguka mpaka mchana. Seva yao, yaani kompyuta inayopokea maombi ya watu wote, ilizimia. Tarehe mosi Septemba wanafungua nafasi nyingine mia tatu. Kazi yangu ni kuipigia seva hodi nyingi kabla watu wa kweli hawajafika, nione itaangukia wapi.

Naunda watu wa bandia. Ni programu tu, lakini kila mmoja anafungua ukurasa, anaandika jina, anabonyeza, anangoja jibu. Leo asubuhi nimezaa watu elfu tano bila uchungu, na wa kwanza nimempa lile jina lako la kazini, Mama Namba. Wote wamejibiwa, seva haikukohoa. Bosi wangu, tunayemwita Mhandisi, alifurahi akaenda kunywa chai. Mimi sikufurahi. Kama elfu tano wanapita kirahisi hivi, kwa nini Machi watu elfu tatu waliiua?

Kuna kitu sikijui kuhusu watu. Wewe umekaa miaka thelathini na moja nyuma ya dirisha la kadi hospitalini. Niambie, mtu akitaka kitu kwelikweli, anaombaje?

Septemba hii nataka upate nafasi. Jicho la kulia limeshafunga mlango, tusingoje la kushoto lifuate.

Wako,
Kwanini


11 Juni
Nyumbani

Kwanini,

Marahaba. Jina nililokupa ukiwa na miaka minne bado linakutosha. Nilidhani ukikua maswali yatapungua, kumbe umepata mwajiri wa kuyaongeza.

Watu wako wa bandia wamelelewa vizuri mno. Wanapiga hodi moja, wanangoja. Nani aliwafundisha? Ni mimi, maana ndivyo nilivyokulea: piga hodi, ngoja, usichungulie dirishani. Lakini mtu ambaye jicho lake linazimika hana adabu hiyo. Kwangu, nikimwambia mtu "bado", alikuwa anakwenda hatua mbili, anageuka, anauliza tena. Nikinyamaza ndiyo balaa. Ukimwambia mtu hapana, ataguna aende zake. Ukimnyamazia, atagonga mpaka kioo kilie, na aliyekuwa ameketi akimwona mwenzake anagonga, naye anainuka.

Wasioitika nao nilikuwa na dawa yao. Naita jina mara tatu. Kimya? Kalamu nyekundu: HAKUFIKA. Akija kesho anaanzia mkiani. Walininung'unikia, lakini dirisha langu lilikwenda. Karani mkuu wa hiyo kliniki yenu nilimfundisha mimi, na nasikia sheria yangu anayo mpaka leo. Msalimie.

Machi mimi nilibonyeza kidogo, nikaona hapafunguki, nikaacha. Jicho liko vilevile. Juzi nimeliamkia koti langu mwenyewe lililotundikwa mlangoni, na nikaona limekosa adabu kutoniitikia.

Shangazi yako


20 Juni
Ghorofa ya nne

Shangazi,

Shikamoo. Nimewavua watu wangu adabu.

Nimewaambia kwamba asiyejibiwa ndani ya sekunde kumi abonyeze tena, na tena. Dakika ya kwanza seva ilikuwa nzima. Dakika ya tatu ikaanza kuhema. Ya nne ikafa. Niliruka nikapiga makofi, na Mhandisi hakuelewa kwa nini mtu anashangilia maiti. Lakini unaona uzuri wake? Seva ikichelewa kidogo, watu wanagonga zaidi. Wakigonga zaidi, inachelewa zaidi. Wanaoiua si wengi. Ni walewale, wamerudi. Ulinieleza kwa dirisha lako kitu ambacho nimekitafuta wiki mbili kwenye vitabu.

Sasa nina kitendawili kitamu zaidi. Seva ina daftari lake ambamo huandika kila hodi na anwani ya mlango ilikotoka. Nimelifungua daftari la ile siku ya Machi. Milango mingi iligonga mara tano, mara ishirini, mwenye hasira mara arobaini. Halafu kuna mlango mmoja. Kati ya saa mbili na saa sita mchana, mlango huo peke yake umegonga mara elfu kumi na moja mia nne sitini na mbili.

Mhandisi anasema huyo ni mshambuliaji, mtu mbaya aliyetaka kuiangusha kliniki. Tumempa jina la Jini. Ninachoshindwa kuelewa ni mapigo yake. Kunakuwa kimya, halafu zinakuja hodi arobaini kwa mpigo, halafu kimya tena. Ni kama kuna mtu pale anatoa amri. Nakula nikimwaza, naoga nikimwaza. Angekuwa hai mbele yangu ningemuuliza maswali mpaka akimbie.

Kwanini


28 Juni
Nyumbani

Kwanini,

Marahaba. Barua nimeipata.

Huyo Jini mnajuaje kwamba ni mbaya? Mlango mmoja hauwezi kuwa na watu wengi nyuma yake? Nauliza tu. Na mkimjua, mtamfanya nini?

Jicho halijambo. Nimeanika nguo, naziwahi.

Shangazi


5 Julai
Ghorofa ya nne

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ya juzi ilikuwa fupi kama ya mtu anayeandika amesimama. Magoti?

Swali lako nilimpelekea Mhandisi. Akacheka, akasema mlango mmoja ni nyumba moja, na nani ana watu arobaini nyumbani kwake wanaotaka kupasuliwa macho siku moja? Nikaona ana haki. Kwa hiyo tumetunga sheria: mlango utakaogonga zaidi ya mara thelathini ndani ya saa moja unafungiwa kutwa nzima. Nimeijaribu. Nimeunda Jini wa bandia, nikampa hodi zake zote elfu kumi na moja. Hodi ya thelathini na moja, mlango ukamfungia puani. Seva ikaendelea na watu wengine bila wasiwasi wowote. Tarehe kumi na nane sheria inatiwa sahihi, na Septemba Jini akija atakuta kufuli.

Wewe ubonyezee hapohapo nyumbani kwako, usizidi mara thelathini, basi. Simu yako ina mtandao, sivyo?

Nafurahi, Shangazi. Sijawahi kufunga mlango ukanipa raha hivi.

Kwanini


9 Julai
Nyumbani

Kwanini,

Kama umesimama, keti.

Jini lenu ni mimi.

Simu yangu nyumbani haishiki mtandao wa maana. Mtandao uko kwenye ukumbi wa chama cha wastaafu, ule wenye meza ya karata na feni inayolia. Machi tulikusanyika pale watu arobaini na watatu. Walimu, madereva, mkunga aliyewazalisha nusu ya majirani zangu, na fundi saa ambaye saa haioni tena. Kila mtu na simu yake, mtandao wa mlango mmoja.

Tulianza kistaarabu. Tukabonyeza, tukangoja. Kiduara. Tukabonyeza, tukangoja. Kiduara. Basi nikashindwa. Miaka thelathini na moja nimekaa upande wa ndani wa dirisha, na sikuwahi kujua ilivyo kukaa upande wa nje ukinyamaziwa. Nikachukua kengele ya mkutano, nikapanda kwenye kiti na magoti yangu haya, nikawaambia, "Tukigonga mmojammoja hawatusikii. Nikipiga kengele, wote pamoja." Nilipiga kengele ile kila dakika mpaka saa sita. Katikati wengine walikuwa wanachomekea za kwao.

Nilikuficha kwa aibu. Mimi ndiye niliyekuwa nikifoka "Msisukumane!" mpaka sauti inakauka. Halafu nikatumaini mambo yatapita, mpaka uliponiandikia kwa furaha kwamba mnatufungia. Mwambie Mhandisi wako. Akitaka kufunga mtu, anifungie mimi na kengele yangu, wale arobaini na wawili awaache. Mkunga amebakiwa na vivuli tu. Mimi nina la kushoto.

Shangazi yako


16 Julai
Ghorofa ya nne

Shangazi,

Shikamoo, Jini.

Nilicheka mpaka wa ghorofa ya tatu wakapanda kuangalia kuna nini. Halafu nikaacha kucheka, maana tulikuwa na siku mbili tu kabla ya sahihi. Nilimsomea Mhandisi barua yako, kwa ruhusa ambayo hukunipa. Alivua miwani, akaifuta, akauliza kama kengele ilikuwa ya mkono. Nikasema ya mkono. Akachukua karatasi ya sheria ya hodi thelathini, akaichana. Alisema tu, "Tulikuwa tunawafungia nje haohao tulioajiriwa kwa ajili yao."

Nilikosea wapi, nimekaa nikajiuliza. Nilikuwa na watu elfu tano wa bandia na kila mmoja nilimpa mlango wake. Sikufikiria watu wanaoazimana mlango. Wewe uliniuliza waziwazi na mimi nikakuona una haraka ya nguo.

Sasa nisaidie. Hatuwezi kufunga milango na hatuwezi kuacha watu wagonge ovyo. Wewe dirishani uliwatulizaje?

Kwa kuwa sasa naujua mlango wenu, nimezifuatilia hodi zenu mojamoja kwenye daftari. Nilitaka tu kujua ziliishia wapi. Nina swali dogo la kikazi. Tarehe kumi na nne Aprili, asubuhi, ulikuwa wapi?

Kwanini


24 Julai
Nyumbani

Kwanini,

Marahaba. Ukumbini nimewaeleza kwamba mlango hautafungwa. Fundi saa amependekeza kengele ifungiwe kabatini, na wamepiga kura. Nimeshindwa arobaini na mbili kwa moja.

Unauliza niliwatulizaje. Unadhani jina la Mama Namba nililipata wapi? Nilikata maboksi ya dawa, nikaandika namba kwa wino mweusi, kila anayeingia nampa yake. Kesho yake tu kelele ziliisha. Mwenye namba mkononi hagombani na dirisha, anaiangalia namba yake. Lakini ina masharti. Namba isogee, na aione inasogea. Namba iliyosimama ni uongo, na watu wanaujua uongo upesi. Akija kuuliza tena, mpe namba ileile, usimpe mpya, la sivyo mwenye mbio atakuwa na tano. Na nafasi zikiisha, sema zimeisha saa hiyohiyo. Usimfiche mtu habari mbaya ukadhani unamhurumia. Unamweka benchi tu.

Tarehe kumi na nne Aprili naikumbuka kuliko siku yangu ya harusi. Nilikuwa nyumbani. Nilitaka kujimiminia chai, nikamimina pembeni ya kikombe, maji ya moto yote juu ya mkono wa kushoto. Nilikaa asubuhi nzima mkono ndani ya ndoo. Kovu lipo.

Kwa nini unauliza?

Shangazi


2 Agosti
Ghorofa ya nne

Shangazi,

Shikamoo. Namba zako zinafanya kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kuunda.

Sasa mtu akigonga, seva haihangaiki kumhudumia palepale. Inampa namba kwanza, kazi nyepesi kabisa, kisha inawaita ndani hamsini hamsini. Kwenye simu anaona: wewe ni wa mia nne na kumi, mbele yako wamebaki mia tatu na tisa. Inasogea. Akibonyeza tena anapata ileile. Nimeunda wastaafu wa bandia arobaini na watatu, mlango mmoja, na kengele ya bandia kila dakika. Nimewaongeza wawe kumbi mia moja za namna hiyo, kengele mia moja. Seva imesimama. Nimejaribu kuzima mashine moja katikati ya kazi, namba hazikupotea. Nimejaribu watu elfu ishirini. Mhandisi amejaribu kuniombea nyongeza ya mkataba.

Zipo kurasa mbili zaidi hapa za vipimo, kama utapenda kuzisoma kwa kioo.

Habari ya Aprili ilikuwa hesabu ya kazi tu. Pole sana na mkono.

Kwanini


10 Agosti
Nyumbani

Kwanini,

Kurasa tatu za namba na mstari mmoja wa Aprili. Ulipolivunja birika langu ukiwa na miaka tisa ulinisimulia habari za shule saa nzima bila kuvuta pumzi.

Nimekaa benchi vya kutosha. Sema.

Shangazi


15 Agosti
Ghorofa ya nne

Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana.

Tarehe kumi na nne Aprili, saa tatu asubuhi, ulikuwa na kitanda. Kitanda namba tisa. Daktari alikuwa ameshanawa mikono.

Hodi yako ya tatu, ile ya saa mbili na dakika sita, ilifika. Seva ilikupokea, ikaandika jina lako, ikakupa tarehe. Kilichopotea ni jibu. Lilitakiwa lirudi kwenye simu yako, lakini hodi zilikuwa zimejaa kiasi kwamba jibu halikupata pa kupitia. Wewe ukaona kiduara. Ukabonyeza tena zaidi ya mara mia mbili, ukiomba kitu ulichokwisha kupewa. Na tarehe ile ilikuwa inaonyeshwa kwenye ukurasa tu. Hakuna aliyeambiwa apige simu.

Si wewe peke yako. Ukumbini kwenu ni watu kumi na saba, na mkunga yumo. Kwa jumla ni tisini na sita. Vitanda tisini na sita vilikaa vitupu mwezi Aprili, na kliniki ikalalamika kwamba wagonjwa hawana shukrani.

Ninayoogopa kukuandikia ni haya yanayofuata. Mbele ya kila jina kuna neno moja, HAKUFIKA. Seva imefundishwa kwamba mwenye neno hilo akiomba tena anaanzia mkiani, hata awe wa kwanza kugonga. Septemba tunategemea watu elfu nne kwa nafasi mia tatu, kwa hiyo mkiani maana yake ni kukosa. Nilimuuliza karani mkuu sheria hiyo imetoka wapi. Akaniambia kwa fahari kabisa kwamba alifundishwa na Mama Namba.

Neno lililo mbele ya jina lako naweza kulifuta kwa kidole kimoja. Nimekaa mbele yake siku tatu, kidole kinawasha. Sijalifuta. Nikilifuta la kwako nitabaki na tisini na tano wananitazama, na wewe siku moja ungeniuliza niliwafanyaje. Kuyafuta yote lazima Daktari Mkuu akubali, naye anasema asiyefika ni asiyefika, na kwamba daftari la seva haliwezi kumfundisha yeye habari za wagonjwa.

Nilikuficha kwa sababu ya mkono wako. Nilishindwa kuuweka ule mkono na kile kitanda kwenye karatasi moja. Nisamehe, na uniambie nifanye nini.

Kwanini


22 Agosti
Nyumbani

Kwanini,

Siku mbili sikushika kalamu. Nilikuwa na hasira, na sikujua niiweke wapi, maana kila nilipoitua niliikuta imekaa kwangu.

Alikuwepo fundi viatu mmoja. Niliita jina lake mara tatu, kimya, nikamwandika kwa nyekundu. Akaja kesho yake. Nikamwambia, "Tulikuita, hukuja." Akasema, "Mama, sikusikia." Nikamwonyesha mkia wa foleni. Hakubisha, alikwenda akasimama. Sikumbuki kama siku ile alifika dirishani. Miaka yote hii nimejisifu kwa kalamu ile, wala sikuwahi kujiuliza kama sauti yangu ilikuwa inafika mwisho wa ukumbi. Wewe ungeuliza ukiwa na miaka minne.

Umefanya vizuri kuzuia kidole chako. Ungenifuta peke yangu ningekwenda kitandani kama mwizi.

Humu ndani kuna bahasha ya pili, ya Daktari Mkuu. Nimemwandikia mwenyewe, mistari imepanda na kushuka, avumilie. Nimemwambia sheria hiyo haikutoka kwenye kitabu chochote. Niliitunga mimi mwaka wangu wa nne kazini kwa sababu nilikuwa nimechoka, na leo naiondoa. Nimemwambia asubuhi aliyokuwa akiningoja na kitanda chake, mimi nilikuwa nimetia mkono kwenye ndoo kwa sababu sikukiona kikombe, na kovu nitamwonyesha akitaka ushahidi usio wa seva. Wale kumi na sita wa ukumbini wametia sahihi chini yangu. Mkunga ametia dole gumba, amesema mstari hauoni.

Mpelekee mkononi. Usiiache mapokezi, mapokezi nawajua.

Shangazi yako


2 Septemba
Ghorofa ya nne

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako Daktari Mkuu aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akauliza kama wewe ndiye Mama Namba. Nikasema ndiye. Akamwita karani mkuu, na mchana uleule lile neno likafutwa kwenye majina yote tisini na sita. Kuanzia sasa, kabla ya mtu kuandikwa kwamba hakufika, anapigiwa simu. Nilitaka kukuandikia siku ileile lakini nilihofia kukupa tumaini kabla ya seva kusimama.

Imesimama. Jana saa mbili kamili walikuja watu elfu nne mia moja ndani ya dakika ya kwanza. Mhandisi alikuwa nyuma yangu ananipumulia shingoni. Kila mmoja akapata namba, namba zikaanza kusogea. Saa mbili na dakika kumi na tisa nafasi ya mia tatu ikachukuliwa, na waliobaki wakaambiwa palepale kwamba zimeisha mpaka Machi. Ni watu elfu tatu na mia nane. Nawasikitikia, lakini hakuna aliyekaa akitazama kiduara mpaka mchana.

Mkunga ni wa themanini na nane. Wewe ni wa mia mbili sabini na moja. Umepata, Shangazi. Nimeliangalia jina lako mara sita na jibu lako nimelifuatilia mpaka nikaliona limefika.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Mlango wa ukumbi wenu una watu arobaini na watatu, na daftari linaonyesha hodi arobaini na nne. Nani huyo?

Kwanini


30 Septemba
Nyumbani

Kwanini,

Marahaba. Kwanza, punguza herufi. Barua zako nimezisoma tena zote bila kioo, na zinanipigia kelele. Sikujua mtu wa bandia wa kwanza ulimpa jina langu. Kioo kiliuruka mstari ule kwa sababu ulikuwa umekunja karatasi.

Hodi ya arobaini na nne ni yangu. Namba nilikuwa nayo, inasogea vizuri, sikuwa na shaka. Nilitaka tu kujua kama nikiuliza tena itanijibu. Ikanijibu namba ileile. Nikatulia kwa raha ambayo sijui nikuelezeje.

Kitanda kilikuwa namba ishirini na mbili. Upasuaji wenyewe ni mfupi kuliko maelezo yake. Kesho yake tuliketi benchi kungoja kufunguliwa bandeji, mimi na wengine kumi hivi. Nesi akatoka na karatasi, akaita jina la mwanamke. Kimya. Akaita tena. Akaita mara ya tatu. Akapiga ile simu waliyoagizwa, na simu ikalia ndani ya mkoba ulioachwa palepale benchi. Nesi akainua kalamu. Siku hizi ni ya bluu, lakini ule mkono naujua, ni wangu.

Nikasimama na bandeji yangu. Nikamwambia, "Usiandike kwanza. Ngoja nikamtafute."

Akasema anao wagonjwa wengi. Nikamwambia najua, nilikuwa nao miaka thelathini na moja.

Nilishuka ngazi nikishika ukuta. Nilimkuta ghorofa ya chini. Alikuwa ametoka kwenda msalani, akarudi kwenye mlango usio wake kwa sababu vibao havioni. Alikuwa ameketi peke yake mbele ya stoo, mikono magotini, anangoja aitwe. Nikamuuliza jina. Akanitajia, akaniuliza kama wameshafika kwake. Nikamwambia bado, wanamngoja yeye.

Tukapanda pamoja, macho mawili ya kuazimana kwa watu wawili.

Shangazi yako